Belti Uliyonishonea

Mama Zuhura, mke wangu,

Leo belti yako imekatwa. Naiita yako ingawa mvaaji nilikuwa mimi, na ingawa uliichukia tangu siku niliyoingia nayo hapa Ilala, nimepata kazi ya kupaka rangi maghorofa ya Kariakoo kwa nje. Ulisema bora ningebaki na rangi za vyumbani, ambako mtu akianguka anaanguka kutoka kwenye stuli. Nikakuvalisha mwenyewe pale sebuleni: kamba mbili mabegani, mbili mapajani, na pete ya chuma mgongoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba Zuhura, hii nguo au mtego?"

Unakumbuka ilivyoanza kulika bega la kushoto? Ilikuwa inasuguana na ukingo wa zege kila siku. Kazini sikusema. Tulikuwa tumefundishwa kwamba belti iliyolika haivaliwi tena, na nilijua vilevile kuwa mwenye belti mbovu hukaa chini mpaka ipatikane nyingine. Nikakuletea wewe, kwenye kibaraza chako cha Kariakoo, ulipokuwa unashona mabegi ya shule. "Hii kazi ya dakika kumi," ulisema. Ukabadilisha sindano, ukatia uzi mnene, mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Ukapita juu yake mara nne, ukaivuta kwa mikono miwili huku umekunja uso. "Labda ghorofa lidondoke kwanza." Niliona fahari, sikufichi. Kesho yake nikaupaka uzi vumbi la saruji usionekane, nikapanda.

Ulipougua niliendelea kuivaa. Baada ya arobaini yako dada zako walikuja wakagawana nguo zako, kama inavyotakiwa, na sikuzuia kitu. Khanga zikaenda, mabaibui yakaenda. Cherehani nilimpa Zuhura, akaondoka nayo kwa mumewe Tanga. Nyumba ikabaki tupu kiasi kwamba nikikohoa nasikia mwangwi. Ndipo nilipotambua kuwa kitu pekee kilichobaki cha mkono wako ni ile mishono minne begani mwangu. Kila asubuhi niliipapasa kabla ya kupanda. Wenzangu walidhani nakagua belti, wakawa wananisifu.

Sasa saiti yetu imepata msimamizi mpya wa usalama, binti wa umri wa Zuhura. Huyu hakagui kwa macho. Anapitisha vidole kwenye kila kamba, kama ulivyokuwa ukikagua kitambaa dukani. Leo asubuhi alifika kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hapa pameshonwa."

"Ilikuja hivyo hivyo."

"Baba, usinifanyie hivyo. Huu uzi wa mabegi. Nani kashona?"

"Mama watoto."

"Basi mwambie asirudie tena."

"Ameshatangulia," nikamwambia.

Akainamisha macho, ila belti hakuiachia. Alinieleza polepole kwamba itabidi ikatwe, asije akaivaa mtu mwingine. Nikamwomba niende nayo nyumbani nikaitunze. "Ukienda nayo utaivaa," akasema. Alinijua mapema yule mtoto.

Ukaidi wangu unaujua. Nikamwambia mbele ya mafundi wote aijaribu kwanza, na uzi wa mke wangu ukikatika, nitaikata mimi mwenyewe. Vijana wakajaza mchanga kwenye gunia mpaka likawa na uzito wa mtu, wakalivalisha belti, wakafunga kamba kwenye boriti ya ghorofa ya pili. Watu wakasogezwa pembeni. Wakalisukuma.

Uzi wako haukukatika, mke wangu. Mishono yote minne ilikuwa mizima. Kilichochanika ni belti yenyewe, kando ya uzi, kwenye mstari wa matundu ya sindano. Gunia likapasuka chini na mchanga ukamwagika mpaka miguuni pangu. Binti akaniita nitazame kwa karibu: kila tundu lilikuwa limekata nyuzi za ndani, na kila ulipopita tena uliidhoofisha zaidi.

Nilikukasirikia. Ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike, na sikuipenda. Kisha nikaona hasira hiyo haikuhusu. Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilijua, nilikaa mafunzo mazima, na sikukwambia kwa sababu nilipenda kukuona umeinamia kitu changu. Kosa lilikuwa langu, nalo lilinipandisha juu miezi yote hiyo.

Niliikata mwenyewe kama nilivyoahidi. Nilitamani kubaki na kipande chenye uzi mwekundu, nikaona haya mbele ya vijana. Kimeondoka na lori la kifusi saa sita mchana, na sijui kifusi hicho humwagwa wapi.

Nikapewa mpya. Ni ngumu na ina harufu ya dukani. Pete ya mgongoni mtu haioni mwenyewe, kwa hiyo lazima mwenzako akukagulie. Nikampa mgongo fundi mmoja, akaivuta pete mara mbili, akanipiga kofi dogo begani. "Iko poa, mzee." Tangu uondoke hakuna mtu aliyekuwa amenigusa mgongo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana nilikuwa ghorofa ya kumi. Binti alitukataza kufunga kamba kwenye jukwaa tunalosimama juu yake, akatuonyesha nondo zilizozama kwenye zege, akasisitiza kwamba ndoano moja ya belti isiachie mpaka ya pili iwe imeshika. Nikafanya hivyo. Nikahama hatua moja, nyingine, halafu nikatazama chini, kwenye mabati ya maduka na watu wanaopishana na mizigo. Nikakumbatia nguzo kama mgeni wa kazi. Miezi yote hii nilikuwa siogopi, nikadhani ni uzoefu. Kumbe sikuwa najali kushuka nikiwa mzima.

Leo nilitaka kushuka, mke wangu. Nilitaka kwa nguvu, na huko chini hakukuwa na wewe, na bado nilitaka. Nakuandikia kukuomba radhi kwa hilo.

Mungu akunawirishie kaburi lako. Usinisubiri hivi karibuni.

Mumeo,
Baba Zuhura