Likizo Yangu kwa Mama

Kiptere, Jumanne, Agosti 1995

Nimechoka kuliko nilivyokuja. Likizo gani hii? Nilitoka kazini wodini Nairobi nikijiambia nitalala, nitakunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, nitasikiliza mvua kwenye mabati ya mama. Kiptere ni kimya kabisa, isipokuwa siku ya soko. Na leo ilikuwa siku ya soko.

Watu walianza kuingia kabla sijanawa uso. Muuza vitunguu alikuja na mguu umevimba. Mzee mmoja akafungua mdomo pale sebuleni: “Sista, angalia hii jino.” Nikamwambia mimi ni nesi tu, mambo ya meno siyajui. Akacheka, akaketi, akangoja chai.

Mama hakumfukuza hata mmoja. Hilo ndilo liliniudhi. Alimmiminia kila mtu chai, nyingine ikimwagika mezani, nikadhani ni haraka.

Walipoondoka nikamlalamikia. “Mama, nilikuja kupumzika.”

Alinyoosha mkono achukue kikombe chake, akashika hewa, akapapasa meza mpaka akakipata.

Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja. “Unaniona?”

“Hapana, Chebet. Hilo la kushoto lilizimika wakati wa kupanda mahindi.”

“Na umenyamaza siku zote hizi niko hapa?”

“Nilikuwa nangoja upumzike kwanza.”

Kesho tunaenda hospitali Kericho. Naogopa tumechelewa. Hilo sijamwambia. Nimemwambia tu avae viatu vyake vya kanisani.