Aliyefunga Chumba cha Magazeti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na Mama hakusumbui sana kuhusu dawa. Sisi huku wazima, na wajukuu zako wanakula kama wanalipwa.

Najua umenuna. Mama amenipigia simu akaniambia kwamba wewe na wastaafu wenzako mmefungiwa chumba chenu cha magazeti pale maktaba, na sasa unazunguka nyumba kwa nyumba ukikusanya saini za kumpinga aliyefanya hivyo. Basi tulia nikueleze.

Kama ujuavyo, nimo katika kamati ya maktaba, na bajeti yetu ilipunguzwa. Mwenyekiti wa kamati akasema kila idara ikatwe kiasi kilekile, wote tuumie sawa, na wenzangu wakaitikia maana walitaka kuwahi chakula. Mimi nikakataa. Niliwaambia kwamba chumba cha magazeti kikikatwa kitapoteza gazeti moja na labda feni, lakini darasa la jioni litakufa kabisa, kwa sababu mlinzi halipwi nusu akafungua mlango nusu. Jioni ndipo anapokuja yule fundi cherehani wa sokoni, mama mtu mzima, kujifunza kusoma baada ya kazi. Mwenyekiti akasema watu wa jioni ni wachache na hawalalamiki. Nikamjibu kwamba hawaandiki malalamiko kwa sababu bado tunawafundisha kuandika!

Akauliza basi fedha zitoke wapi. Baba, nilinyoosha mkono nikasema chumba cha magazeti kifungwe, na kamati ikapitisha. Ni mimi. Nilijua kiti chako kiko wapi, na bado nilisema.

Sitaomba radhi. Tulipokuwa wadogo blanketi zito lilikuwa moja, ukampa kaka aliyelala chini ya dirisha bovu. Nililia nikidai zamu yangu, ukaniambia nilale. Nililala nimekukasirikia. Sasa kasirika wewe.

Magazeti yako nimeyahamishia kwenye meza ya watoto. Viti ni vifupi, kwa hiyo njoo na mto. Saini zako pia zilete, mpokeaji ni mimi. Lakini ujue na mimi nimeanza kukusanya zangu. Ya kwanza ni ya fundi cherehani. Ameiandika mwenyewe, imepinda, na inasomeka.

Msalimie Mama, mwambie asitupatanishe kwanza.

Ni mimi mwanao,
niliyerithi ukaidi wako.