Fomu ya Dole Gumba

Shoga yangu, hasira haijanishuka bado.

Nimetoka sasa hivi kituoni, kule binti yangu anakotibiwa ulevi. Karani amenisukumia fomu iliyokwisha kujazwa, akasema, "Mama, weka dole gumba hapo chini, usijisumbue."

Usijisumbue!

Nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Akacheka: "Bibi, hilo si gazeti, foleni ni ndefu."

Mstari wa nne umeandikwa: *Familia imekataa kumpokea mgonjwa baada ya matibabu.* Imekataa! Mimi, niliyemtandikia kitanda tangu Jumatatu!

Nikausoma tena kwa sauti, neno kwa neno, kama tusomavyo kwenye kisomo chetu cha watu wazima, hadi benchi zima likanigeukia. Mama aliyenitangulia akakitazama kidole chake chenye wino. "Kwani na mimi nimemkataa mwanangu?"

Karani eti, "Ni mazoea tu, ndugu wengi huwa hawarudi."

Mazoea! Mwanangu si mazoea ya mtu.

Nimeukata mstari ule, nikaandika juu yake: *Atarudi nyumbani kwa mama yake.* Nikatia majina yangu yote matatu. Kisha nikamwambia karani, "Sasa lete fomu ya huyu dada mwenye wino kidoleni."