Theluji Haishuki kwa Watu

Jumatatu, 2 Juni 1958
Ukungu tangu alfajiri. Kahawa haikauki. Tumeifunika, tumeifunua, manyunyu yakarudi. Nyapara wa meza za kuanikia ni mimi, kwa hivyo lawama ni zangu, hata za mawingu.

Barua kutoka kwa dada yangu Nyambura, Kalimoni. Binti yake Wanjiru amekubaliwa kusomea uuguzi Basutoland. Anataka nimwandikie mashauri ya safari, maana katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyefika huko.

Sikufika. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kusoma. Miaka kumi na miwili nimesimulia kwamba baada ya vita meli yetu ilizungukia kusini, nikakaa miezi miwili nyumbani kwa Thabo, askari mwenzangu wa Basutoland. Meli ilinileta Mombasa moja kwa moja. Thabo nililala naye hema moja kule Misri, basi. Nchi yake niliipata mdomoni mwake.

Jumatano, 4 Juni
Kurasa tatu. Mkono ulikwenda wenyewe. Nchi ndogo, milima mitupu, Makaburu pande zote. Kwenye stesheni zao tafuta dirisha la Waafrika, usibishane. Karatasi zako weka kifuani. Ukifika, salimu kwanza, hata mtoto. Ukipita kwa chifu, shuka kwenye farasi. Maji ya mto chota juu ya mahali ng'ombe wanapovukia. Farasi wao ni wadogo na wanajua njia kuliko mtu. Kwenye mteremko usivute hatamu, mwachie.

Niliwaona nikiandika. Watu wamejitanda blanketi, farasi wanapita juu ya mawingu, hakuna sauti isipokuwa kwato. Hata moshi wa samadi niliunusa. Kalamu ilipokauka nilishangaa kujikuta Ruiru. Nilikuwa na furaha kubwa. Furaha ya mwizi ambaye hajashikwa.

Jumapili, 8 Juni
Nilipata pasi ya kutoka shambani, nikaenda Kalimoni baada ya kanisa. Wanjiru akasoma kurasa zangu kwa sauti, majirani wakisikiliza. Amekonda. Pumu ya utotoni haijamwacha, kila Juni anakohoa.

Sanduku lilikataa kufungika kwa sababu ya blanketi zito alilopewa na mama yake. "Mjomba, hili nibebe kweli?" Nikamwambia aliache, ni mzigo bure. Theluji haishuki kwa watu. Inakaa kileleni, unaitazama asubuhi, unaenda shambani. Nikaonyesha kwa mkono upande wa mlima wetu, Kirinyaga. Wote wakakubali. Tumeiona theluji maisha yetu yote na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa.

Blanketi likarudishwa kitandani.

Jumatatu, 9 Juni
Mchana nilisinzia juu ya magunia. Thabo alikuwa mlangoni mwa hema. Mchanga umejaa, anauzoa kwa mkebe wa chakula, anacheka. Anasema kwao Julai ni hivi hivi, ila ni nyeupe. Mpaka magotini, mlangoni kwa mama yake. Halafu hacheki. Mdogo wake alikwama ndani ya theluji kati ya zizi na nyumba, wakamwokota amekufa.

Niliamka jasho linanitoka kwenye baridi hii. Si ndoto tu. Aliyasema kweli, kule Misri, na nilimsikia vizuri. Niliyachukua maneno yake nikayapeleka kileleni, kwa sababu theluji yangu mimi hukaa huko.

Kifua cha Wanjiru.

Jumanne, 10 Juni
Nimenyimwa pasi. Nimeshapewa ya wiki hii. Treni yake inatoka Thika kesho na itasimama hapa Ruiru dakika chache.

Ningeweza kumpa blanketi na kunyamaza. Lakini ataziamini zile kurasa nyingine. Sijui ni zipi zingine nimeharibu. Lazima ajue ili aulize wenyeji.

Naogopa theluji. Naogopa pia kusema. Hofu ya pili ndiyo kubwa, na naona aibu kuliandika hilo.

Jumatano, 11 Juni
Nilikimbia kutoka kiwandani na blanketi langu la jeshi. Behewa la tatu. Nyambura alikuwa kando ya Wanjiru, anamsindikiza mpaka Nairobi. Nililisukuma blanketi dirishani.

"Chukua. Theluji inashuka mpaka mlangoni. Sijawahi kufika kule, Wanjiru. Kila kitu uliza wenyeji."

Nyambura alisema "Ngai!" akafunika mdomo.

Wanjiru alinitazama. "Hata farasi?"

"Farasi ni wa Thabo, alinisimulia."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

Filimbi ikalia. Aliliingiza blanketi ndani. Hakupunga mkono.

Ijumaa, 20 Juni
Hakuna barua. Wanaume wa kiwandani wameomba hadithi ya farasi. Nimesema kichwa kinauma.

Jumanne, 15 Julai
Hakuna barua. Baridi kali. Nalala bila blanketi, na ni afadhali hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti
Jua, hatimaye. Barua imekuja, ukurasa mmoja.

"Mjomba, haya ndiyo mashauri yako, ukija mara ya kwanza. Beba blanketi. Theluji ilifika magotini, mlango tuliufungua kwa koleo. Kifua changu ni kizima. Kuhusu hatamu ulisema kweli. Maji usinywe hata ya juu ya kivuko cha ng'ombe, chemsha. Salimu kwanza."

Wakati wa chai wanaume waliomba niwasomee. Nilisoma yote. Nilipofika hapo kwenye "mara ya kwanza" sikuyaruka maneno hayo. Kamau, wa meza ya mwisho, alisimama na reki mkononi.

"Mara ya kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Alirudi kugeuza kahawa. Baadaye, bila kuinua macho, akaniuliza farasi wale ni wa rangi gani. Nikamwambia sijui, nitamwuliza Wanjiru.