Dakika Nne za Feni

Ziwa Kettlewood, Minnesota
Jumapili, 24 Julai

Kaka yangu Orrin,

Nakusalimu sana wewe na wifi Renata, nikiomba barua hii iwakute wazima na joto la Arizona halijawakausha kabisa. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini umeacha kubeba mawe ya bustani kama daktari alivyokukataza. Mimi sijambo, isipokuwa sikio la kushoto bado linanipigia mluzi tangu siku ile. Utajiuliza kwa nini naandika wakati kila Jumapili tunapigiana simu. Kwenye simu hunipi nafasi, kaka, na mimi nikikatizwa hukimbilia habari za mvua. Basi kaa kitako, usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Yale ya Jumamosi ile ya tarehe tisa uliyapata vipande vipande, kipande kwangu na kipande hospitali. Acha niyapange. Saa nne asubuhi Baba alileta boti kwenye gati la kituo cha mafuta kujaza petroli. Alikuwa na Bernadine Kolstad, yule jirani yetu mjane, ambaye tangu mwaka jana hukaa kiti cha nyuma akila karanga na kumkosoa Baba anavyokata kona. Mimi nilikuwa nimesimama gatini nimeshika kamba. Baba akafunga kifuniko cha tangi, akarudi kwenye usukani, tukazungumza kidogo, kisha akaniambia, “Marlys, achia.” Nikaachia. Akazungusha ufunguo.

Orrin, sikusikia mlipuko. Watu wa ng'ambo ya ziwa wanasema vikombe viliruka kwenye makabati yao, lakini mimi sikusikia kitu. Nilichoona ni lile sanduku la kufunikia injini, lile tulilokuwa tukilikalia utotoni tukipasha makalio joto baada ya kuteleza majini tukivutwa na boti. Lilikuwa juu angani, likizunguka polepole kama sahani. Nikajiuliza nani amelirusha. Halafu nikajikuta nimekaa chini, na kwenye usukani hapakuwa na mtu.

Baba alikuwa majini, mikono ameinyanyua juu kama aliyeamriwa ajisalimishe. Ngozi ya mikono ilikuwa inaning'inia, na nyusi zimekwenda. Hakulia hata kidogo. Alikuwa anaitazama boti yake inavyoungua kwa uso wa mtu aliyetukanwa na mwanawe mwenyewe. Bernadine alitupwa upande wa pili, mfupa wa bega ukavunjika, na walipomtoa swali lake la kwanza lilikuwa, “Arvid yuko wapi? Huyo mzee mjinga yuko wapi?”

Boti iliungua mpaka usawa wa maji, kisha ikazama. Walichovuta baadaye kwa minyororo ni donge jeusi ambalo hata mtu aliyeitengeneza asingelitambua.

Wewe uliondoka hapa boti ikiwa na miaka michache tu, kwa hiyo labda hujui Baba aliishi nayo vipi miaka yote hii thelathini na mitatu. Kila vuli, kabla ziwa halijaganda, alimwaga oili chafu na kutia safi, maana alisema uchafu ukilala kwenye injini majira yote ya baridi unakula vyuma. Alikamua maji yote yaliyomo ndani ya injini yasije yakaganda na kuipasua. Lile gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji ya kupoza alilichomoa na kulipeleka chumbani mwake. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ana mke mwenza. Kila masika alilala kifudifudi akimulika tochi pale mhimili wa rafadha, ile pangaboi inayosukuma boti, unapotoka nje, ahesabu matone ya maji yanayopenya. Mtu alipomcheka kwamba boti imezeeka, alikuwa akijibu, “Boti haiuliwi na uzee. Inauliwa na 'nitafanya kesho'.”

Na feni. Hilo unalikumbuka, kwa sababu wewe ulichapwa kofi kwa ajili yake. Ukishajaza petroli, unawasha feni dakika nne nzima kwa saa, inyonye mvuke wa mafuta kutoka tumbo la boti, ndipo unagusa ufunguo.

Basi naibu sherifu, askari wa kaunti, alipokuja, kazi yake ilikuwa nyepesi. Mzee wa miaka themanini na mbili ametoka kujaza petroli, amezungusha ufunguo, boti imelipuka. Akaandika kwamba mwendeshaji hakuwasha feni. Bernadine, akiwa kitandani na bega limefungwa, alimwambia kwamba feni iliwashwa. Naibu akamuuliza kwa upole kama si kweli kwamba hasikii vizuri. Bernadine akamjibu, “Kijana, mimi ni kiziwi, si mpumbavu. Feni iko chini ya kiti changu. Ilikuwa inanitetemesha makalio.” Wauguzi walicheka, naibu akacheka, akampapasa mkono, na hakubadilisha neno.

Baba hakubisha. Hapo ndipo mimi niliposhtuka kuliko pale gatini. Nilitegemea apige meza, amfukuze yule kijana. Aliangalia bandeji za mikono yake akasema, “Kama mmesema sikuwasha, basi sikuwasha. Nilidhani niliwasha.” Tangu siku hiyo ametembea kama mtu aliye kwenye nyumba ya wenyewe. Wiki iliyopita nilimpelekea supu nikakuta amebandika vikaratasi kila mahali, ameviandika kwa ncha za vidole zilizobaki nje ya bandeji. Kwenye jiko: ZIMA. Kwenye mlango: FUNGA. Kwenye chupa za dawa: UMESHAKUNYWA? Juu ya kioo cha kunyolea ameandika jina la Mama na tarehe aliyofariki. Nilipomuuliza hicho ni cha nini, alisema anaogopa asije akaamka siku moja akamuulizia.

Wewe ulipopiga simu kuhusu ile nyumba ya wazee kule mjini, na chumba kinachongoja kuanzia tarehe mosi Agosti, alisaini kama anavyosaini risiti ya maziwa. Akanikabidhi funguo za gari. “Nisije nikaua mtu,” alisema. Sikulaumu, kaka. Ulifanya alichopaswa kufanya mtoto mwema kwa habari ulizokuwa nazo.

Habari hizo hazikuwa za kweli, na mimi nilijua tangu dakika ile ya kwanza.

Aprili Baba alinituma, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kuingia kule chini, nibadilishe mpira unaopeleka petroli kwenye injini. Alisema umefikisha umri wa kupasuka. Niliingia, nikaubonyeza kwa vidole, nikauona laini. Nikasema bado mzima, nitaubadilisha baada ya gwaride la boti la sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai. Nikamwambia nimeubadilisha.

Kisha mwishoni mwa Juni starta, ile mota ya kuamshia injini, ikafa. Unajua gwaride lile kwake ni nini, yeye ndiye hutangulia mbele, na alikuwa amekwisha kupiga pasi kofia. Starta ya boti ingechukua wiki mbili kufika. Nikaenda duka la vipuri vya magari pale barabarani. Muuzaji akaniuliza ni ya gari gani, nikamtajia gari langu la kubebea mizigo. Ilikuwa ileile kwa umbo, hata matundu ya boliti yalilingana. Lakini starta ya boti imezibwa cheche zisitoke, ya gari haikuzibwa. Nilijua hilo, Orrin. Nimeendesha na kutengeneza basi la shule miaka ishirini na sita, na Baba alinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi na mbili. Niliipaka rangi nyeusi ili akifunua sanduku asiitambue, nikasema moyoni, ni kwa siku chache tu.

Mpira ulivuja polepole, feni haikuweza kumaliza mvuke wake, na starta yangu ikatoa cheche.

Na feni iliwashwa. Niliisikia kwa masikio yangu mawili. Yale mazungumzo yetu pale gatini tulikuwa tukipaza sauti kwa sababu yake, na Baba alikuwa akitazama saa ya mkononi muda wote. Naibu aliponiuliza pale hospitali, nilisema sikumbuki. Hilo ndilo neno ninaloamka nalo. Mpira ni uvivu, starta ni ujinga, lakini “sikumbuki” nililisema nikiwa na akili timamu, nikimtazama baba yangu aking'olewa ngozi mikononi.

Jana mchana nikaenda kumwambia. Nilisimama jikoni kwake, sikukaa, nikayasema yote kwa mfululizo huo niliokuandikia. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Baba akauliza, “Feni niliwasha?”

Nikamwambia aliwasha.

“Dakika nne?”

Nikamwambia nne, pengine zaidi, maana Bernadine alikuwa akimpigia kelele waondoke.

Akaweka ile mikono yake ya bandeji juu ya meza, akainamisha kichwa, akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya kumzika Mama. Nilidhani ni uchungu, nikaanza kumwomba radhi, naye akanikatiza: “Nyamaza, Marlys. Niache kwanza nifurahi.” Akasema moto haukumtisha, mikono itapona. Kilichomtisha ni kwamba kwa wiki mbili alikuwa akijipekua kichwani akitafuta feni, na kila akiiona anajiambia hiyo ni ya siku nyingine.

Hasira ilikuja baadaye, tena nyingi. Ile ya rangi nyeusi ndiyo iliyomkera zaidi. “Ulipaka rangi!” alisema mara tatu. “Mimi nilikufundisha kushika spana, wewe ukajifundisha kupaka rangi!” Akanitoa nje, akaniambia nisirudi mpaka Alhamisi. Kupitia dirishani nilimwona anazunguka jikoni, anabandua karatasi moja moja.

Kesho asubuhi naenda kwa naibu sherifu kufuta “sikumbuki” yangu, litakalokuwa na liwe. Kisha nitakwenda kwa Bernadine. Yeye alishasema ananingoja, nadhani alijua kwamba nami niliisikia feni. Ninachokuomba wewe ni kitu kimoja: piga simu ile nyumba ya wazee, chumba wampe mtu mwingine. Halafu mpigie Baba, umwambie kwa mdomo wako kwamba unajua aliwasha. Kwangu ameshalisikia. Kwako bado.

Mimi sikuombi unisamehe haraka. Nisalimie sana wifi Renata, umwambie mbegu zake za maua zimeota vizuri upande wa gatini, na uutunze mgongo wako. Nitangoja simu yako, na safari hii sitazungumzia mvua.

Mdogo wako,
Marlys Tveit