Kitambaa Juu ya Swichi

Nyeri,
Novemba 1999

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai goti lako limepata nafuu, na kwamba mdogo wangu Nkatha anakusaidia kuchuma kahawa badala ya kuzurura sokoni. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama. Nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Uliniuliza kazi yangu hapa hospitalini ni ya namna gani hasa. Kuna kisanduku kiitwacho swichi, kinachounganisha kompyuta. Wahasibu na watu wa maabara wanakitumia pamoja, lakini hawaruhusiwi kuona vitu vya wenzao, maana magonjwa ya watu ni siri. Waya wa kwenda jengo la pili nao ni mmoja tu. Basi kila habari ikiingia kwenye waya huo, swichi huibandika lebo yenye namba: kumi ni ya wahasibu, ishirini ni ya maabara. Swichi ya upande wa pili husoma lebo, huibandua, kisha hupeleka habari kwa wenyewe. Ni kama maziwa yetu: gari ni moja, lakini kila mkebe una namba ya mkulima. Ila waya huo lazima uchomekwe kwenye tundu nililolitayarisha kwa lebo. Matundu mengine hayazijui.

Mkurugenzi, Bwana Mathenge, alikuwa ameahidi kuniajiri rasmi baada ya maombi ya kuzindua mitambo. Ndiyo siku niliyoingoja, ili wazee wetu waende kwa kina Ngendo kuniposea.

Siku ikafika. Mchungaji alipomaliza kuomba, mitambo ikawashwa, lakini kompyuta zote za jengo la pili hazikupata kitu. Hakuna jibu hata moja la kipimo cha damu lililopita. Wageni wakaanza kukohoa. Nilikimbilia swichi, nikaikuta imefunikwa kile kitambaa cheupe ulichomfumia Ngendo. Yeye ni karani, na alitaka ofisi ipendeze mbele ya wageni. Nikaelewa kwamba alichomoa nyaya apanguse vumbi, akazirudisha kwa mstari mzuri kuanzia tundu la kwanza, kisha akatandaza kitambaa juu, kama unavyofunika redio yako. Waya wa lebo ulikuwa kwenye tundu la wahasibu.

Niliurudisha upesi, lakini aibu ilikuwa imeshaingia. Mathenge akafoka, ati aliyeharibu mitambo aondoke leo leo. Mama, wadogo zake Ngendo wanamtegemea yeye tangu baba yao afariki. Nikasema ni mimi.

Ngendo hajui kwamba ni mkono wake; kwake tundu lolote ni sawa. Anaamini nilizembea. Jana aliniambia wazee wasubiri kwanza, ati hawezi kumpelekea mama yake mwanamume asiye makini na kazi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nitafika nyumbani Jumamosi. Kitambaa chako amekifua, akakipiga pasi na kunirudishia, nami nitakuja nacho. Siku mkikutana, Mama, msifu kwa usafi wake, na usiongeze neno.

Nisalimie Nkatha na majirani wote. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Muthomi