Doa la Tano

Kaka,

Neno "mpendwa" nimeliacha makusudi, usilitafute.

Unaukumbuka mchezo wetu wa zambarau, uani kwetu Mfaranyaki? Wawili tu, fulana nyeupe za mitumba, kila mmoja na bakuli lake na mgomba wake wa kujificha. Zambarau ikikupasukia kifuani, tumboni au mgongoni, doa moja. Mkono na mguu havihesabiwi. Mama mdogo akipaza sauti, "Simama!" tunanyoosha mikono juu mpaka amalize kuhesabu. Anayetangulia kufikisha madoa matano ameshindwa, na anayejifuta ameshindwa hapo hapo.

Siku ile tulishindania kiti cha mbele cha lori la Baba. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuuza mahindi, Baba anayapeleka Mbamba Bay, na nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja. Tulikuwa nne kwa nne. Nikakupiga kifuani, zambarau ikapasuka vizuri kabisa. Mama mdogo akageuka kumfukuza kuku aliyekuwa anadonoa bakuli langu, nawe ukalivuta lile doa kwa kiganja likaungana na la pembeni yake.

"Kajifuta huyo!" nikapiga kelele.

"Ni lile lile la zamani, Mama mdogo," ukasema, umetuliza sura kama mtoto wa kipaimara.

Akahesabu manne. Zambarau yako iliyofuata ikanipasukia tumboni.

Mkaondoka wiki nzima. Ukarudi na dagaa wa ziwani na hadithi zako: Baba kaimba njia nzima, Baba kakuonyesha kubadili gia. Muda si mrefu akaugua, lori likauzwa, nami sikupanda naye hata siku moja. Kila Krismasi unaisimulia safari yangu mbele ya watu, huku mimi nakupakulia wali. Nimekuchukia, kaka. Nakuchukia mpaka leo.

Sasa unaniandikia kutoka Mwanza, barua ya tatu hii, ukiuliza Baba alisema nini asubuhi aliyofariki, maana wewe ulikuwa bwenini, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Alisema. Alikutaja kwa jina, akanipa maneno nikufikishie, akayarudia mara mbili ili nisisahau.

Sijasahau hata moja. Wewe baki na safari. Maneno nitazikwa nayo.

Wasalimie watoto.

Ni mimi mdogo wako, niliyekushinda.